Nilivyopeleka Jibu la Suheli Maskati

Mtaani kwetu wananijua: mimi hata Bububu, hapo jirani tu, naihesabu safari, na nikienda nachukua mto wangu. Basi mnaniuliza vipi nilifika Maskati. Nilipelekwa na nyota, na nyota yenyewe sijaiona hadi leo.

Mambo yalianza karne ya kumi na tisa. Babu wa babu yangu, naye mtazama nyota wa hapa Unguja, alikuwa akiandikiana na mwanafalaki mmoja wa Maskati, sheikh aliyezitazama nyota kama mimi ninavyolitazama sufuria la wali. Barua zake tunazo. Nusu ukurasa salamu, za wake, za watoto, hata za punda. Kisha mstari mmoja wa elimu. Ya mwisho inauliza: Suheli amechomoza lini kwenu? Suheli ni ile nyota kubwa ya kusini. Kule Oman akionekana alfajiri, watu hujua joto linaanza kuvunjika. Babu hakujibu. Walikuwa wamenuniana kwa mwezi wa Idi: mmoja kafungua, mwingine bado anafunga.

Tungeshasahau, lakini mpwa wangu Rahma akaposwa na Nassor, kijana wa ukoo wa sheikh huyohuyo. Bibi yake Nassor, Bi Zuweina, akapiga simu kutoka Maskati.

"Kuitikia salamu ni faradhi," akamwambia dada yangu, mama yake Rahma. "Sie tumekuandikieni, hamjaitika mpaka leo. Ntamuozaje mjukuu wangu kwa watu wasiojibu?"

Ikaamuliwa aende mtu na jibu. Wote walikuwa na kazi zao. Nikatazamwa mimi.

"Kaka, wewe huna unachofanya," akasema dada.

"Nna kukaa."

Kukaa hakukuhesabiwa. Rahma ndiye aliyekuwa akipanda paani kila alfajiri kumtafuta Suheli, maana posa ilikuwa yake. Asubuhi moja ya mwezi wa saba akaja mbio: "Mjomba, amka, kachomoza!"

"Nshamuona," nikamjibu, kichwa kikiwa ndani ya shuka.

Uwanja wa ndege walinipimia papa mkavu, matunda ya mabungo niliyotumwa na mto wangu. Salamu hawakuzipima, na ndizo zilizokuwa nzito.

Maskati nilifika mwezi wa nane. Mlango wa ndege ulipofunguka nilidhani mtu kafunua chungu karibu na uso wangu. Nassor alinipokea, kanzu imenyooka, akanitia ndani ya gari lenye baridi ya barafu. Huko mtu hutoka tanurini akaingia frijini, akarudi tanurini. Samaki naye hupitishwa hivyo, ila yeye ameshakufa.

Nyumbani kwao, mtaa wa Hail, Bi Zuweina alikuwa amekaa mbele ya halwa na dele la kahawa. Mwanamke mdogo wa umbo, macho makali. Aliniuliza hali yangu, ya dada, ya majirani, ya majirani wa majirani. Kisha akaweka kikombe.

"Haya baba, jibu liko wapi?"

"Suheli kachomoza kwetu mwezi wa saba, bibi."

"Mwaka gani?"

"Huu huu."

"Sheikh kauliza mwaka wake yeye."

"Nyota si ileile, bibi? Haijahama."

"Haijahama! Ya Rabbi, na huyu ati kizazi cha wanafalaki." Akanisogezea halwa kwa huruma. "Na barua yenyewe si yangu. Nenda kamjibu mwenyewe."

"Mwenyewe si marehemu?"

"Kwani marehemu hasalimiwi?"

Kila aingiaye makaburini husalimia. Hata mimi hilo nalijua.

Siku ya pili, baada ya Laasiri, Nassor akanipeleka Sidab, alikozikwa sheikh. Makaburi ni mawe matupu yaliyosimamishwa, hayana jina hata moja.

"Yupi?" nikamuuliza.

"Wallahi ami, sijui. Mie huwaombea wote."

Basi nikawasalimia wote, ili na sheikh awemo. Kisha nikasema kwa sauti, jasho linanitiririka: "Sheikh, babu anakusalimu sana, na punda pia. Suheli kwetu huchomoza mwezi wa saba, alfajiri, upande wa kusini, juu ya nyumba ya jirani. Tuwie radhi tumechelewa."

Mzee mmoja aliyekuwa akipita na mbuzi wake akasimama, akauliza kitu kwa Kiarabu.

"Anataka kujua unafanya nini," akasema Nassor.

"Mwambie najibu barua."

Nassor akamwambia. Mzee akatikisa kichwa kwa kukubali, akaongeza neno.

"Anasema umefanya vizuri kuja mwenyewe. Posta siku hizi haziaminiki."

Nikangoja kidogo, kwa adabu tu, kisha tukarudi Hail.

"Eh, alisemaje?" akauliza Bi Zuweina kabla sijavua viatu.

Nikamtazama Nassor. Nassor akaitazama halwa.

"Hakusema kitu, bibi."

"Hakukujibu?"

"Hakunijibu."

"Mtu katoka Unguja," akasema polepole, "kaja na salamu mpaka mlangoni kwake, na mtu wetu hakujibu."

"Bibi, lakini yeye…"

"Usimtetee! Ndivyo alivyokuwa, mama alikuwa akinambia. Khalas, aibu imehamia kwetu." Halafu akanikazia macho. "Na huyo Suheli umemuona mwenyewe?"

Nassor akakohoa. Ningesema ndiyo, posa ingepita. Lakini yale macho!

"Sikumuona, bibi. Rahma ndiye aliyempandia paani kila alfajiri. Mie nlikuwa nimelala."

"Kila alfajiri?"

"Mpaka alipomuona."

Bi Zuweina akacheka, mara ya kwanza tangu nifike. "Wewe Nassor, unangoja nini? Na wewe baba, mwambie mama yake tunakuja. Na Rahma mpe salamu zangu: kwetu Suheli bado. Akitoka, ntampigia."

Nilipofika nyumbani sikukaa kitako. Nilimfikishia Rahma salamu nikiwa bado nimebeba mto, maana nishaona salamu ikilazwa inavyoota mizizi.

Mwezi ule haujesha, simu ikalia alfajiri, nyumba nzima ikaamka. "Kachomoza!" sauti ya Bi Zuweina ilisikika hadi chumbani kwangu. Rahma akaitikia palepale, salamu kwa salamu, akauliza hali ya joto, ya Nassor, ya mbuzi. Mimi nikajifunika shuka.

Nilichojifunza ni hiki. Salamu ijibuni siku ileile. Mkiilaza, iko siku mjukuu wenu mvivu atatolewa kitandani akapandishwa ndege.