Mwenye Kisu Huchukua la Mwisho

Kaka yangu hakuwahi kusema "tushee" akiwa na kitu mkononi mwake. Neno hilo alirudi nalo likizo ya kwanza kutoka shule ya bweni, pamoja na sanduku la bati na tabia mpya ya kukunja mikono ya shati. Siku hiyo mama alikuwa amenipa muwa. Kaka akaniambia, "Tushee," na kabla sijaelewa, muwa ulikuwa umevunjwa gotini kwake na mimi nimebaki na ncha, kule kusiko na sukari. Nilikuwa na miaka tisa. Sijasahau, na sina mpango wa kusahau.

Nyumbani kwetu Bahi tulikuwa na neno letu, kugawana, na lilikuwa na sheria yake. Miaka ya mvua nyingi, baba alikuwa akileta kambale kutoka bwawani, na mama alimpa mmoja wetu kisu. Mwenye kisu alikata vipande vitatu, kisha akakaa pembeni. Mdogo kuliko wote alianza kuchagua, akafuata anayemzidi, na mwenye kisu alichukua kilichobaki. Hapakuwa na haja ya kumwonya mtu akate sawasawa. Mimi mwenyewe nilikuwa nikipima samaki kwa vidole mpaka mama ananiuliza kama nashona nguo.

Kushea hakukuwa na sheria yoyote, na nadhani ndiyo maana kaka alikupenda.

Mama alipougua, baba alikuwa ameshafariki, na kaka alikuwa na kazi ofisini Dodoma mjini na nyumba yake Chang'ombe. Akanipigia simu. "Dada, tutashea kumuuguza mama. Isiwe ishu." Nikafunga kibanda changu cha ushonaji, nikarudi Bahi na cherehani. Kwa miaka mitatu nilimwogesha mama, nilimgeuza kitandani, na asubuhi nililima shamba lake la mpunga. Kaka alikuja sikukuu na mfuko wa machungwa. Alipiga picha akiwa amemkumbatia mama, akaituma kwenye kundi la familia, chini yake ameandika kwamba tunashea upendo. Kwenye picha ile mkono wangu unaonekana umeshika beseni.

Baada ya arobaini ya mama tulikutana shambani: kaka, mimi, mdogo wetu wa kike ambaye ameolewa hapo hapo Bahi, na mjomba, kaka yake mama. Tulikwenda kugawa shamba. Kaka alikuwa na mshahara, mdogo wetu alikuwa na mume mwenye ng'ombe. Mimi nilikuwa na cherehani na mpunga ule. Nikipata kipande kibaya, nitakula nini? Hilo ndilo nililokuwa nikiliwaza usiku na mchana.

"Jamani, tushee fea," kaka akasema, akatoa simu yake. Alizunguka shamba na viatu vyake vya kung'aa, simu inapima, yeye anachomeka vijiti. Vipande vitatu vikatoka sawa kabisa kwa ukubwa. Ila maji hayakuwa sawa, na hilo simu haikumwambia mtu, ingawa yeye alilijua. Mfereji unaingilia upande wa barabarani. Kipande cha kwanza kinakunywa, kinampitishia wa kati, na cha mwisho kinapata masalia.

"Mimi nitachukua hiki cha mferejini," akasema, kana kwamba anatupunguzia kazi.

Mjomba akauliza, "Nani kagawa?"

"Mimi, mjomba."

"Basi kaa pembeni."

Kaka akacheka. "Mjomba, hayo si mambo ya samaki?"

Mjomba hakucheka. Mdogo wetu akachagua cha mferejini. Mimi nikachukua cha kati. Kaka akabaki na cha mwisho, ameshika simu yake. Nilifurahi hadi nikaona aibu, kisha aibu ikapita na furaha ikabaki.

Msimu ule kaka aliweka kibarua, wakapanda. Mvua zikawa za kubahatisha. Mpunga ulipoanza kutoa masuke, nikaliziba kwa udongo na gunia bovu lile tundu la kwenye tuta langu, ambalo maji yalipita kwenda kwake. Kila asubuhi nilisimama pale juu ya tuta nikiangalia udongo wake unavyopasuka. Majirani wakanisalimia, wakachukua majembe yao wakaenda zao, kama methali inavyoagiza ndugu wanapogombana.

Akapiga simu. "Dada, tushee maji basi." Sauti ilikuwa ya chini, sijawahi kumsikia hivyo.

"Yakibaki, kaka," nikamjibu. Nilijua hayatabaki.

Wiki ya tatu mdogo wetu alinikuta pale pale juu ya tuta.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

Akaliangalia lile gunia. "Dada, na mimi nikiziba kwangu, wewe utakula nini?"

Hakupaza sauti. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nilimkasirikia. Nikachukua jembe, nikafungua tundu upana wa unyayo. Asije mtu akasema nilifungua kwa upendo. Nilifungua kwa woga.

Mavuno yalipokwisha, kaka alikuja kwa mdogo wetu nikiwepo, amepanda bodaboda, na gunia moja. Hayo ndiyo yalikuwa mavuno yake yote. Viatu vilikuwa na vumbi. Akatandaza turubai uani, akamwaga mpunga wote. Ulikuwa haujapepetwa hata kidogo, mtu wa ofisini hajui.

"Ni mavuno ya kwanza tangu mama aondoke," akasema. "Nimeleta tugawane."

Akachota kwa bakuli, akaweka mafungu matatu. Kisha akaenda kukaa ukutani, pembeni, akatazama chini. Nilimngojea aseme neno lake, nimrushie usoni. Hakulisema.

Mdogo wetu akachagua fungu dogo kuliko yote, ndivyo alivyo. Mimi nikamtazama kaka, nikachukua kubwa. Akainuka, akachukua lililobaki, na mimi sikusema asante.

Nyumbani niliupepeta ule mpunga kwenye ungo wa mama. Upepo ukapeperusha zaidi ya nusu. Yalikuwa mapepe, maganda yasiyo na punje ndani, kama unavyokuwa mpunga uliokosa maji wakati wa masuke. Zile wiki nilizijua, maana nilizihesabu mwenyewe nikiwa nimesimama juu ya tuta. Fungu lake lilitoka gunia lile lile, kwa hiyo hata kwake kulikuwa hivyo hivyo, na hakuwa amesema kitu. Kilichobaki kwenye ungo nilikitwanga, nikakipika, nikala peke yangu mpaka nikamaliza.

Hadi leo sijampigia simu.