Koleo la Alama Nne

Saa moja asubuhi, fundi viatu yuko kwenye kigoda chake. Anabana ukingo wa ngozi kwa koleo, anauvuta mpaka ukumbatie kalibu ya mbao yenye umbo la mguu, kisha, bila kubadilisha kifaa, anapigilia msumari kwa nyundo ndogo iliyo chini ya taya la koleo hilo hilo.

“Ukiweka koleo chini ukatafute nyundo, ngozi imesharudi,” anasema bila kuinua uso.

Koleo hilo lilifuliwa na baba yake, naye fundi viatu. Kwenye mpini wake lina alama tano zilizokatwa kwa tupa. Mzee alikuwa na desturi yake: kila alipojitengenezea kifaa, alikikata alama kwa idadi ya watoto aliokuwa nao siku hiyo.

Koleo pacha lake, lenye alama nne, limo ndani ya kabati la kioo katika jumba la makumbusho, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka kibandani. Liliuzwa pamoja na vifaa vingine mzee alipofariki. Mteja mmoja ndiye aliyelitambua huko, akamletea fundi habari.

Kibao chake kinasomeka hivi: “Koleo la kung’olea meno. Limeundwa ng’ambo, takriban miaka mia moja iliyopita. Mtengenezaji hajulikani.”

“Meno ya nani, ya kiboko?” anauliza fundi. “Na hiyo nyundo ni ya kumtuliza mgonjwa?”

Hesabu ya umri ni nyepesi. Yeye ni mtoto wa nne, ana miaka hamsini na minane. Kitindamimba wao, wa tano, ana hamsini na mitano. Koleo la alama nne, basi, lilifuliwa katika miaka mitatu iliyo kati yao.

“Miaka mia iliyopita baba mwenyewe hajazaliwa.”

Alikwenda jumbani kuwaeleza, koleo lake likiwa mkobani. Ofisa alimwita “mama”, akampa kiti, akamwambia kwa upole kwamba bila hati ya maandishi kibao hakibadilishwi. Hakuomba hata kuliona koleo. Fundi alipouliza hati ya hayo meno iko wapi, alijibiwa kuwa hayo yalikadiriwa na mtaalamu.

Yaani kisio la mtu asiyewahi kushona kiatu linatosha lenyewe, lakini ujuzi wa mwanamke aliyeshika kifaa kama hicho miaka arobaini unadaiwa muhuri. Kwa haki gani jumba linalojigamba kutunza kumbukumbu zetu linamwita “hajulikani” mtu ambaye binti yake yu hai na amesimama mlangoni?

Hataki kurudishiwa koleo. “Likae huko huko, lisishikwe na kutu. Ninachotaka ni jina la baba pale chini.”

Jumatatu atafunga kibanda, arudi. Safari hii hati anayo: cheti cha kuzaliwa cha kitindamimba, ambaye naye ameshaomba ruhusa kazini ili waende pamoja.

“Wakisema cheti hakitoshi,” anasema fundi, akiivuta ngozi, “hiyo alama ya tano nitaisimamisha mbele yao, waihesabu wenyewe.”