Buluu ya Kwaya ya Mama

Harufu ya wanga katika kitenge kipya hunipandisha hasira hadi leo. Muuzaji akikunjua jora, nikavuta harufu ile kavu, mimi hutoka dukani bila kununua. Wanaonijua hudhani ni ubahili. Ninyi nitawaeleza.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, huko Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, alipokuja mpiga picha kutoka ng'ambo kuwafundisha watoto kupiga picha. Alitugawia kamera za filamu, akatuombea vibali vya kutoka kambini, akatupeleka Lilongwe ili, kwa maneno yake, tuugundue mji. Mama yangu, aliyeitwa Mama Neema kwa jina langu, alikuwa kiongozi wa kwaya ya akina mama wa Uvira, kwetu Kongo. Walikuwa wamekimbia wakaacha sare zao za buluu, na Pasaka ile walitaka kuimba tena wakiwa ndani ya buluu ileile. Vibali vya kwenda wote kuchagua kitambaa havikupatikana. Asubuhi ya safari mama alinishika kidevu, akasema kwa Kiswahili chetu cha Uvira, ambamo "ndiyo" hutamkwa "njo".

"Neema, leo we njo macho yetu. Ukifika soko ya Chilinde, piga picha ya vitenge vyote. Usituletee picha ya mbuzi!"

Nilitii. Wenzangu walipiga picha mabango, mitaro na vijana wa kabaza, baiskeli za kubeba abiria. Mimi nilisimama mbele ya kibanda kimoja sokoni, nikapiga jora baada ya jora. Nakumbuka bila shaka yoyote: kitenge cha michoro ya ndege kilikuwa buluu, cha konokono kilikuwa kijivu, kama jivu la mkaa.

Picha ziliporudi kutoka kusafishwa, akina mama walizitandaza mkekani. Mbingu ilikuwa ya manjano, nyuso za wauzaji kijani. Ndege wangu walikuwa wamegeuka rangi ya majani mabichi, na kitenge cha konokono kiling'aa kwa buluu, ile buluu yao hasa, iliyobaki Uvira.

"Mama, ile ya konokono iko kijivu," nilisema. "Buluu njo ile ya ndege."

Walicheka. "Ee, huyu mtoto!" alisema Mama Esperance, msaidizi wa mama. "Picha inaona, we unabisha? Macho yako ilijaa vumbi ya Lilongwe."

Nilimkimbilia mpiga picha, nikamweleza kwamba rangi zilikuwa zimekosewa. Alipiga makofi kwa furaha, akasema kwamba hapo ndipo uzuri ulipo. Sababu hakunieleza.

Mama alimkabidhi picha ile mfanyabiashara mmoja, mkimbizi mwenzetu kutoka Kindu, aliyekuwa na kibali cha kufuata bidhaa mjini. Muuzaji wa Chilinde aliwatambua konokono mara moja, na mfanyabiashara, aliyetumwa konokono, akaleta konokono. Jora lilipofunguliwa kanisani, harufu ya wanga ilienea, na kitambaa kilikuwa kijivu.

"Mama Neema, hii njo buluu?" aliuliza Mama Esperance. "Konokono njo bale ba picha, lakini umetutafutia ya bei rahisi, ukabakisha pesa yetu. Na mtoto wako alijua mapema! Mulipanga nyumbani!"

Hivyo ukweli wangu ukawa ushahidi dhidi ya mama yangu. Alinitazama, akaanza kulikunja jora. Sare zilishonwa kwa kitambaa kilekile; Pasaka mama alisimama mstari wa nyuma, na Mama Esperance akaongoza. Mpiga picha alikuja, akawapiga picha wote, akiwa na filamu yake ileile.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba macho yangu yalikuwa na kasoro. Nilisubiri wengine wataje rangi ya kitu ndipo nami niitaje. Chuoni, katika kitabu cha ufundi wa picha, nilisoma kwamba filamu ya slaidi, ile ya picha za kumulikwa ukutani, ina dawa zake, na kwamba wapo wanaoisafisha makusudi kwa dawa za filamu ya kawaida ili rangi zipotoke. Ni mchezo unaojulikana. Basi mpiga picha wetu alijua tangu alipotia filamu ndani ya kamera zetu. Sisemi kwamba hakuwa mkarimu. Nasema kwamba alijua, na kwamba sentensi moja tu ingetosha. Yeye angeweza kucheza na rangi, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akingoja picha zake zimwambie ukweli.

Nilimpelekea mama kitabu kile, pamoja na picha ya Pasaka, nikamweleza hatua kwa hatua. Katika picha, nyuso za akina mama ni kijani na sare zote ni buluu. Ni ileile ya Uvira. Mama, nyuma kabisa, amefunga mdomo wenzake wakiimba.

Aliisogeza picha dirishani.

"Neema, niambie we. Siku ile tulivaa rangi gani?"

"Kijivu, Mama."

Aliigeuza picha, akaiegemeza ikitazama ukuta. Ipo hapo hadi leo.