Komeo la Geti la Mama

Nakumbuka siku niliyowaambia majirani wa Kibondo kwamba komeo jipya la geti letu ni la kuzuia wezi. Nimeyarudia maneno hayo kwa miaka. Leo nakuambia kweli, mwanangu: lilikuwa la kumzuia mama yangu.

Mama alikuwa ameanza kusahau. Kila asubuhi alibeba jembe akashika njia ya Kasanda, kwenye shamba ambalo si letu tena. Mimi nilikuwa kazini Kasulu, simu mkononi, siketi nikatulia. Kwa kuwa nilikuwa na shahada na sikuwa na subira, nikachora komeo. Kulifungua, utie mkono tunduni, unyanyue pini, uzungushe kipini, ndipo uvute. Fundi wa kuchomelea akalitengeneza vilevile, likijifunga lenyewe geti likirudishwa. Zamani tulifunga kwa miti miwili tu. Mpiga hodi aliiondoa mwenyewe akaingia.

Shangazi alilitazama akaguna. "Ua hufungwa jioni, ng'ombe wakisharudi. Wewe unafunga mchana. Nani karudi?"

Nikacheka. Sikio la kufa halisikii dawa, hata likisoma chuo kikuu.

Haukupita muda, nimelifunga na kurudi kazini Kasulu, simu ikalia. Alikuwa Mama Zawadi, jirani yetu.

"Dada, mama kaanguka uani! Tunamwona kwenye upenyo wa ua wa minyaa. Hili dude linafunguliwaje?"

"Nyanyua pini, halafu zungusha kushoto."

"Kushoto kwako au kwetu?"

Nikafumba macho, nikawa nazungusha mkono hewani mbele ya wafanyakazi wenzangu. Komeo nililichora nikiwa ndani ya ua. Sikuwahi kusimama nje nikalifungua.

"Sijui," nikasema.

"Basi tunakata minyaa. Usikate simu."

Nikasikia mapanga, na mtu akilalamika utomvu umemwingia machoni. Mwanangu, nasaha yangu niliipata hapo, nikisubiri. Ukimfungia mlango umpendaye, kwanza simama nje uufungue. Wafundishe majirani, maana afadhali jirani aliye karibu kuliko ndugu aliye mbali. Na miguu inayotaka kwenda itafutie mtu wa kuisindikiza, usiitafutie chuma. Mungu akujalie wapiga hodi, na hodi yao isikwame getini.

Kisha sauti ya mama ikaja kwenye simu, imechoka lakini nzima. "Nani kanifungia?"

"Ni kwa ajili ya wezi, mama."

"Wezi wa kuiba kikongwe?" Akacheka, akaguna kwa maumivu. "Njoo ufungue, binti yangu. Mungu akutangulie njiani."