Nyumba ya Kenga Isiyo na Paa

"Nipeni picha ya nyumba yoyote, kuanzia Watamu hadi Adu, nami nitawaambia aliyemo anaota nini."

Mahfudha aliyasema hayo kwenye kipaza sauti, ukumbi umejaa, na hakuna aliyethubutu kucheka. Kazi yake ni kupiga picha za pasipoti hapo Malindi. Lakini kila Jumamosi studio hugeuka darasa. Picha hutundikwa ukutani, shairi husomwa kando yake, na watu hubishana hadi chai ipoe. Picha, asema, huonyesha watu wanavyokaa. Shairi huonyesha wanavyojiona. Sharti lake ni moja: picha haionyeshwi mpaka mwenye nyumba asikie shairi lake na akubali.

Picha aliyoitegemea kwa maonyesho ya Ijumaa ilitoka Adu: nyumba ya udongo isiyo na paa, mlango wazi, hata kuku hapana. Kadi za mwaliko zilikwisha kuchapwa na nyumba hiyo mbele. Mwenyewe, Mzee Kenga, hajaulizwa.

Basi Jumatano akaenda. Akatoa shikamoo, akapewa kigoda, akakohoa kama kadhi, akasoma:

*Nyumba imekosa paa, wenyewe wamehajiri,*
*jiko laota kung'aa, jivu halina habari.*

Kenga alisikiliza kwa adabu zote. Mkewe, Easter, ndiye aliyeshindwa. Alicheka mpaka akashika ukuta. Ukuta wenyewe ndio ule wa kwenye picha, na juu yake paa jipya, makuti bado yananukia.

"Mwanangu," Easter akasema, "siku uliyopita tulikuwa tumeezua. Makuti yalioza. Sote tulikuwa shambani kwa shemeji, tunasuka mapya."

Mtoto wa mjini, aliyezaliwa chini ya mabati, angejuaje? Alipoona nyumba kipara akaizika. Mtu mwingine angeona haya. Mahfudha akalichana shairi palepale, akauliza kama picha ataachiwa.

"Picha chukua," Kenga akasema. "Matanga ndiyo siyataki. Hapa hakuna aliyehama. Andika kilichotuuma kweli mwezi ule."

Akauliza ni kipi. Kenga akamtajia, naye akaandika bila kuongeza vina.

Ijumaa watu walisimama kwenye picha ile kuliko zote. Mwalimu mmoja wa fasihi akauliza shairi liko wapi. Mahfudha akamwonyesha kwa kidevu, kama mtu aliyelitunga mwenyewe, mstari uliokuwa chini ya picha:

Kuti moja, shilingi ishirini.