Mlinzi wa Msitu wa Chemchemi

Miaka ya sabini nililinda msitu wenye chemchemi kule Makere. Kwetu Buha salamu ni ndefu: mtu anainama, anapiga makofi taratibu, anakuuliza habari za watoto hadi za ng'ombe. Nilipowakataza kukata miti, wanakijiji wakanifupishia salamu, ikabaki kikohozi tu.

Siku moja, dukani Kasulu, redio ikasema kusini kabisa mwa dunia kuna nchi ya barafu isiyo na wenyeji, na wageni wanaofika wamekatazwa kuokota hata jiwe.

“Masikini mlinzi wa huko,” mwenye duka akasema. “Upweke utamuua.”

Nikachukua chumvi yangu nikaondoka kwa hasira. Upweke gani huo, mahali pasipo na jirani hata mmoja wa kukunyima salamu?