Sufuria ya Karamu Madungu

Nilikwenda Pemba kwa sababu kanisa letu la Dar es Salaam lilikuwa linavunjika. Tanganyika ilikuwa bado haijapata uhuru, nami nilikuwa nimerejea kutoka masomo ya shahada ya pili, nikakuta Waafrika, Wagoa wenye asili ya India na Wazungu wa parokia yetu wanadai kila kundi misa yake na mlango wake. Jambo hilo lilinitikisa kuliko nilivyotaka kukiri. Niliposikia kwamba mjini Chake Chake watu wa asili hizo hizo wamejenga kanisa moja, niliomba kuhudhuria ufunguzi wake. Nilitaka kuona kwa macho yangu.

Kutoka Unguja nilipanda meli ya serikali hadi bandari ya Mkoani, kisha gari la abiria. Barabara ilipinda vilimani kati ya mikarafuu, na harufu ya karafuu zilizoanikwa majamvini iliingia madirishani. Abiria mwenzangu, Mwislamu wa makamo, aliposikia ninakokwenda alisema, "Ala! Kanisa la Madungu? Chokaa yake nimeichoma mimi."

Katika mtaa wa Madungu, Chake Chake, nilipokelewa na katekista Simeoni, Mnyamwezi aliyekuja kisiwani kuchuma karafuu akabaki. Upande mmoja wa kanisa ulikuwa bado hauna paa, na kiwanja hakikuwa na kisima. Maji yote ya ujenzi yalitoka kwa jirani, Bi Mkasi, mjane Mwislamu wa Kipemba, ambaye pia alikuwa amewaazima waumini sufuria yake kubwa wapikie karamu ya ufunguzi.

Asubuhi ya ufunguzi nilikuta watu wameizunguka sufuria hiyo. Bi Filomena, fundi cherehani wa Kigoa, alikuwa amepika pilau kama wapikavyo kwao kila sikukuu, akatia soseji za nguruwe zilizoletwa kutoka Unguja. Hakukumbuka sufuria ni ya nani hadi pilau ilipoiva.

"Mama yangu!" alisema, mikono kichwani. "Mkono umetia wenyewe."

"Tuisugue kwa majivu, tuirudishe," alinong'ona mchumaji mmoja wa karafuu, mtu wa bara mwenye ndevu nyingi. "Nani atajua?"

"Na huyu unayemfungulia nyumba leo, haoni?" Simeoni alimuuliza.

"Basi aende Mgoa mwenyewe. Sisi hatukupika."

Nilianza kupima. Akienda peke yake, kosa litakuwa la Wagoa. Likifichwa, kanisa litafunguliwa kwa uongo. Likisemwa, huenda tukanyimwa maji na ujenzi ukasimama. Nilikuwa bado ninazipanga hoja hizo Simeoni alipovaa koti lake na kusema, "Twendeni sote."

Tulikwenda. Mwenye ndevu alifuata nyuma, akinung'unika.

"Karibuni," Bi Mkasi alisema mlangoni. "Mbona mumekuja umati? Kuna maiti?"

"Hapana, Bi. Shikamoo," Simeoni alijibu. "Tumeiharibu sufuria yako. Imepikiwa nguruwe."

Bi Mkasi alitutazama mmoja mmoja. "Nani kapika?"

Bi Filomena alifungua kinywa, lakini mwenye ndevu alimtangulia. "Sisi, Bi."

"Na wewe na ndevu zako hizo umekoroga pilau?"

Hakuna aliyethubutu kucheka.

"Sufuria hiyo kaniletea marehemu mume wangu," alisema polepole. "Sasa si yangu tena, kaeni nayo. Na karamuni kwenu siji." Alikwisha kugeuka, akarudi. "Maji tekeni. Ila hizo ndoo mulizooshea vyombo vyenu, kisimani kwangu nisizione."

Niliporudi Dar es Salaam, wanaparokia walikuwa wamekutana kupiga kura ya kila kundi kupata mlango wake. Waliniuliza kama ni kweli kwamba Pemba wote huketi pamoja. Niliwajibu kwamba sivyo: siku ile Wagoa waliketi mbele na watu wa bara nyuma, kama kwetu. Nilichojifunza kilitokea nje ya kanisa, mlangoni kwa jirani. Nikawasimulia, kisha nikamwomba kila mmoja ataje kosa moja la kundi jingine ambalo yuko tayari kuliita letu sote.

Kura haikupigwa jioni ile.